Meza ya Marehemu Ngatiman

Paramaribo, 4 Februari 1996

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Rotterdam kwenye baridi yako. Natumaini magoti yanakutii, na kama hayakutii basi angalau yanagoma kwa zamu. Mimi sijambo. Mvua imenyesha wiki nzima, paa linavuja palepale lilipovuja enzi za bibi, nami nakinga kwa ndoo ileile. Bi Eugenie jirani anakusalimu. Anasema ukimtumia soksi tena, zisiwe za rangi ya ugonjwa.

Sasa kaa chini. Nimepewa ukumbi. Si kona ya ukumbi, wala si ukuta wa karibu na choo kama mwaka juzi. Ukumbi mzima, peke yangu. Ni Bwana Robles, yule aliyepaka chokaa ghala la zamani la kahawa kando ya mto akaliita nyumba ya sanaa. Maonyesho yanafunguliwa Ijumaa ya mwisho ya Machi. "Waonyeshe wewe ni nani," akaniambia. Nikamwuliza, "Nusu ipi?" Akacheka, akadhani namtania.

Unawajua watu wetu. Wakreoli wakiniona macho huniita Mjava. Wajava wakiniona nywele huniita Mkreoli. Mchina wa dukani huniita "Wewe". Kwa hiyo nimeamua kushona. Nimeunga magunia ya mchele na mabaki ya magauni ya bibi yaliyopigwa wanga wa muhogo, nikaongeza batiki za sokoni, vipande vya bati, mapanga ya miwa yaliyoliwa na kutu, na gundi ya kutosha kumnyamazisha mchungaji. Kwa mbali utadhani ni ua uliopitiwa na upepo. Kwa karibu ni mimi.

Kazi kubwa kuliko zote ni meza ya katikati: meza ya baba. Nitaweka chakula halisi, kama Wajava wanavyowaandalia wafu wao, na picha yake ile ya baiskeli. Nyuma yake ukutani nitatundika nguo zako za msiba, gauni la buluu na nyeupe na kile kitambaa cha kichwa. Bibi alivihifadhi sandukuni, kitambaa kikiwa bado kimefungwa na kubanwa pini kama ulivyokivua. Nilikuwa na miaka sita tu, lakini nakukumbuka umekivaa, ukaniambia, "Baba ameondoka," kisha ukafunga madirisha.

Kimekosekana kitu kimoja, udongo wa kaburi lake. Niambie alizikwa wapi, Mama. Makaburi ya Kijava huko Commewijne ni mengi, nami siwezi kuvuka mto nikaanza kuchokonoa wafu wa watu.

Na uje. Nitakuwekea kiti cha mbele.

Mwanao,
Muriel


Rotterdam, 25 Februari 1996

Muriel mwanangu,

Nimepokea barua yako nikiwa mzima, namshukuru Mungu. Magoti ni ya Mungu, lifti ya jengo ni ya manispaa, na vyote viwili havinisikilizi. Je, wewe unakula? Msanii akikonda watu husema ana kipaji. Mimi nasema ana njaa. Mwambie Eugenie soksi ni za bure, rangi achague aliyelipa.

Hongera kwa ukumbi. Lakini nikuulize, kwa nini usichore kasuku? Mwanamke wa ghorofa ya tatu ana kasuku wa Suriname ukutani, kamnunua kwa fedha nyingi, na wala hafanani. Mtu anayetaka kujua wewe ni nani si atakuuliza?

Kuhusu udongo: udongo ni udongo. Chimba nyuma ya jiko la bibi, hakuna Mholanzi atakayejua tofauti. Mambo ya makaburi achana nayo. Baba yako aliondoka. Aliyeondoka haitwi, akiitwa mno hugeuka.

Na kile kitambaa kirudishe sandukuni. Gauni tundika ukipenda. Kitambaa si cha kutazamwa na kila mpita njia, kwa sababu kitambaa kina mdomo.

Kuja siwezi. Safari ni ndefu na viti vya ndege vimetengenezwa kwa watu wasio na makalio.

Kula.

Mama yako


Paramaribo, 12 Machi 1996

Mama,

Hujambo? Magoti hayajambo? Hapa tu wazima, ila vidole vyangu vimeshikana kwa gundi, ndiyo maana mwandiko umelegea hivi.

Kasuku nimewafikiria, nikawaacha waruke zao. Kitambaa nacho nimekitundika. Ukikiona utalia, kimesimama ukutani kama mtu aliyegoma kuketi. Bwana Robles alipokiona alivua kofia.

Kwa kuwa hutaki kunionyesha kaburi, nimepata njia yangu. Nimeandika tangazo nikalipeleka kwenye redio ya Wajava. Nimesema: mimi Muriel Sumiati, binti wa marehemu Ngatiman wa Commewijne, nawaalika ndugu na marafiki zake wote kwenye meza niliyomwandalia baba yangu, Ijumaa saa kumi na moja jioni. Nimetaja na ukumbi. Huenda akatokea mtu mmoja anayelijua kaburi. Hata mmoja akija, nitashukuru. Tangu nizaliwe sijakaa chumba kimoja na ndugu wa upande ule.

Nimetumia jina lote, Sumiati na yote. Hakuna anayeniita hivyo tangu baba aondoke, nikaona jina nalo litoke nje lipigwe na jua.

Mwanao,
Muriel


SIMU YA MAANDISHI. ROTTERDAM, 27 MACHI 1996

USITANGAZE. KITAMBAA ONDOA. BARUA INAKUJA. MAMA


Paramaribo, 30 Machi 1996

Mama,

Leo sitakuuliza habari ya magoti.

Simu yako imeletwa asubuhi hii, Jumamosi, wakati mimi nafagia mifupa ya kuku kwenye ukumbi wa sanaa. Nitakueleza kwa mpangilio, maana nisipoipanga akili yangu kwenye karatasi, itamwagika.

Redio walilisoma tangazo. Tatizo ni kwamba walilisoma saa ya vifo. Unakumbuka kile kipindi cha mchana cha muziki wa taratibu, wakati kila Mjava nchini huacha kijiko ili asikie nani katangulia? Mtangazaji aliona "marehemu", akaona "ndugu wote mnaalikwa", akafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili zake angefanya. Akaniweka kati ya bibi mmoja wa Lelydorp na mzee aliyeanguka kisimani.

Ijumaa, kabla hata sijavaa viatu, boti zikaanza kushusha watu. Wanaume wa kofia nyeusi, wanawake wa masufuria na chupa za chai, na watoto waliochanwa nywele kwa nguvu. Bwana Robles alifurahi hadi akanishika mabega. "Muriel, hata balozi hajawahi kuniletea umati huu!" Wageni wake wenye miwani walijibanza ukutani na bilauri zao. Watu wa boti walitandika mikeka, wakakaa chini kuizunguka meza yangu, mzee mmoja akachoma ubani, akaanza dua.

Mama, nililia. Nilijiambia, hatimaye baba anasomewa na watu wake. Wakasema amin, nami nikasema amin. Kisha ikatoka mifuko ya plastiki.

Nilisahau. Mimi niliyejifanya kuzichambua mila za watu kwenye magunia, nilisahau kwamba dua ikiisha chakula hugawanywa, na kila mgeni huondoka na fungu lake la baraka nyumbani. Kila Mjava mwenye heshima zake huja shughulini na mfuko mfukoni. Wali wa njano ulikwenda kwanza. Tambi zikafuata. Ndizi. Sigara ya maganda ya mahindi. Hata wale kuku wa karatasi niliowakunja kwa mwezi mzima, mama mmoja aliwatia mkobani kwa ajili ya wajukuu.

Bwana Robles akapiga kelele: "Jamani, msile maonyesho! Msile maonyesho!"

"Kwani chakula kimewekwa kiangaliwe?" mama mmoja mnene akamwuliza.

"Hii ni sanaa, mama!"

"Ndiyo, nimeionja. Imekosa pilipili."

Mgeni mmoja wa Kiholanzi akapiga makofi, akaandika kitu kwenye kijitabu chake.

Yule mama mnene akanigeukia. "Wewe ndiye mfiwa? Mbona hukuweka pilipili? Marehemu alipenda pilipili." Halafu akaniangalia vizuri, akanishika kidevu kama anayenunua mbuzi. "Haya macho umeyatoa wapi?"

"Kwa baba yangu."

"Baba yako nani?"

"Marehemu Ngatiman."

Nikamwonyesha picha ya baiskeli. Akaitazama picha, akanitazama mimi, kisha akageukia mlangoni akaita kwa sauti iliyozima ukumbi wote: "Kaka! Ingia ndani. Anasema yeye ndiye Sumi."

Mlangoni alisimama mtu mwembamba, kofia mkononi. Hakuwa ameingia. Alikuwa na mvi, na alikuwa na macho yangu.

Alikisikia kifo chake redioni akiwa anakula, Mama. Majirani walimletea mchele wa pole, akawafungulia mlango mwenyewe. Mmoja alitupa mchele akakimbia. Lakini hakuvuka mto kwa sababu ya kifo chake. "Hilo halikunisumbua," aliniambia baadaye, "redio hukosea." Kilichomvusha ni jina la aliyeandika tangazo, Sumiati.

Akaja mpaka karibu yangu. "Nani kakupa jina hilo?"

"Baba yangu."

"Usichezee jina hilo, bibie. Ni la mtoto wangu. Alikufa kwa homa, ana miaka sita. Nimemsomea arobaini, nikamsomea mia, nikamsomea siku ya elfu. Kila mwaka namsomea."

"Sikufa," nikasema.

Akatazama picha mezani, kisha nguo zako ukutani, kisha mimi.

"Wala mimi," akasema.

Tukasimama hivyo, kama watu wawili waliouziwa kiti kimoja. Yule mama mnene, ambaye ni shangazi yangu Ponirah, alikuwa wa kwanza kupata fahamu. Akafungua mfuko wake, akatoa paja la kuku, akalipasua katikati. "Kuleni basi. Marehemu wenyewe mmefika."

Tukala. Sikujua la kufanya lingine.

Akanisimulia. Alivuka mto kwenda kumzika mama yake, wewe ukakasirika kwa kuwa aliniacha na homa. Matanga ya siku saba yakazaa ya arobaini, ya arobaini yakazaa ya mia. Yeye ndiye mwana wa kiume pekee, hakuweza kuondoka. Aliporudi alikuona mlangoni, umevaa buluu na nyeupe. Hakuna jirani aliyemsemesha, kila dirisha lilifungwa. Akasema moyoni, mtoto amekufa, nami sikuwepo. Akaona haya kukusogelea. Akageuka akarudi kwao. Akaishi huko miaka yote hii, mahali ambapo honi ya kivuko ikilia upande wetu yeye anaisikia upande wake.

Nikadhani hapo mshtuko umeisha. Bi Eugenie alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti nilichokuwekea wewe. Akainuka, akakisogelea kitambaa chako, akakitazama kwa nyuma, kwa chini, akasema, "Mimi hili fundo nililiona siku ile ile. Hapa hapakufiwa mtu." Halafu akaziba mdomo kwa mkono. Nilipombana akasema tu, "Mwulize mama yako. Mimi na soksi zangu simo."

Nakuuliza. Mimi siwezi kukisoma. Wa rika langu tunaona rangi tu, tunadhani tumeona. Fundo hilo linasema nini? Na ulipokuwa ukinitazama nikipiga magoti kila usiku kumwombea baba pamoja na wafu, ulikuwa unawaza nini?

Mwanao, aliye hai,
Muriel Sumiati


Paramaribo, 19 Mei 1996

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Hiyo barua inayokuja, inakuja kwa miguu?

Nimengoja Aprili yote. Nilipiga simu kwa yule mwanamke wa ghorofa ya tatu. Akasema upo, unakwenda kanisani, unasalimia watu kwenye lifti. Basi si ugonjwa. Ni wewe tu.

Baba huja kila Alhamisi. Huleta pilipili. Amepanda juu ya paa akaziba tundu, sasa linavuja pengine, lakini amefurahi nami nimesifu. Hajui aniite nani. Akisahau huniambia "bibie", akikumbuka "Sumi", halafu hurudi nyuma hatua moja kama aliyekanyaga kaburi. Hakuoa. Shangazi Ponirah anasema walimtafutia wake wa kutosha kujaza boti, naye kila mara alisema ana msiba. Kukuhusu ameuliza mara moja tu: "Bado hupiga pasi akiwa amenuna?" Nikamwambia ndivyo, na nguo hutoka nzuri zaidi.

Gazeti liliandika kwamba kula kazi ya sanaa ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Bwana Robles alitaka turudie kila Ijumaa. Nikamwambia marehemu wamekwisha. Ameongeza muda, meza imebaki tupu na madoa yake, na watu wanapanga foleni kuitazama. Nimeshindwa kufanya chochote kingine tangu siku ile. Nikishika sindano nawaza, nashona nini na nini?

Kitambaa bado kiko ukutani. Kukishusha naogopa, kukiacha naogopa.

Baba ana swali moja kwako. Alikaa na chai mpaka ikapoa ndipo akalitoa, na hakulitoa kwa hasira: siku ile, mlangoni, ulimwona?

Mimi maswali yangu nimeyafuta yote. Jibu hilo tu.

Mwanao,
Muriel


Rotterdam, 9 Juni 1996

Muriel mwanangu,

Marahaba. Magoti ni mabaya, usingizi ni mbaya zaidi, wewe je? Barua haikuja kwa miguu. Ilikaa kitini pamoja nami, tukitazamana.

Nilimwona.

Nilikuwa nikimngoja. Kila siku ya kivuko nilivaa buluu na nyeupe, nikasimama mlangoni. Sikuwa na msiba. Nilikuwa na hasira, na hasira ya mwanamke wa mtaa wetu haipigi kelele, inafungwa kichwani. Fundo lile alinifundisha bibi yako: ncha moja imeelekea chini, mbili zimefichwa. Linasema, "Nimekuzika ukiwa hai, fufuka useme." Eugenie angelisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Wote walilisoma. Ndiyo maana hakuna aliyekuja kunipa pole, na ndiyo maana walifunga madirisha alipotokea, walitupisha tugombane. Lile fundo ni swali, Muriel. Mwanamume akiliona huingia ndani, hutukanwa, hutupiwa mwiko, hulia kidogo, huletewa chakula. Baba yangu alifungiwa fundo hilo mara mbili na akafa mnene.

Basi akatokea getini, amebeba kifurushi cha chakula cha matanga ya mama yake. Amekonda. Moyo wangu ulitaka kukimbia, nikaukanyaga. Nikageuka, nikampa mgongo, ili alione fundo vizuri. Nikahesabu pumzi. Nilipogeuka tena hakuwepo, na kifurushi kiko chini getini.

Nikasema: amesoma, na hilo ndilo jibu lake. Siku hiyo ndiyo aliyoondoka kweli, na ndiyo siku niliyokwambia. Sikusema amekufa. Wewe ulianza kumwombea na wafu, nikasema kesho nitakurekebisha. Kesho ile nikaipandisha ndege nikaja nayo huku.

Miaka yote hii nimemchukia kwa sababu alisoma. Leo unaniandikia kwamba hakujua kusoma. Nilisimama na karatasi yako jikoni, chungu kikaungua, mwanamke wa ghorofa ya tatu akaja kugonga, nikamwona anasema lakini sikumsikia. Nilimfundisha mtu yule kula pom, chakula chetu cha sherehe, nikamfundisha kucheza, nikamfundisha matusi ya Kikreoli hadi akanishinda. Kitambaa sikumfundisha. Haikunijia hata siku moja. Nilidhani mtu huzaliwa anakijua, kama njaa. Naye alisimama pale na adabu yake ya Kijava, anayoidhani kila mtu anaijua, kwamba mwenye uchungu hasemeshwi.

Na alidhani ni wewe. Hilo ndilo linaloniamsha. Mimi nafunga kitambaa kumwambia mume wangu njoo tugombane, naye anasoma kwamba mtoto wake amekufa. Umesema anakusomea kila mwaka. Kila mwaka, Muriel, na mimi kila mwaka nakutumia kadi ya kuzaliwa.

Sasa sikiliza. Kitambaa usikishushe. Chini yake andika kinachosema, kwa Kikreoli na kwa Kijava na kwa lugha yoyote nyingine watakayokuja nayo, tena kwa herufi kubwa. Mtu asisimame tena mbele yake akakisia.

Nakuja. Nimekata tiketi, na makalio yangu yatavumilia. Nafika uwanja wa ndege wa Zanderij tarehe tano Julai mchana. Mwambie baba yako aje akitaka. Nitashuka kichwa wazi, mvi zote nje, kama mwanamke asiye na kwao; watu na wacheke. Niliyo nayo nitayasema kwa mdomo. Na yeye anijibu kwa mdomo, hata kama ni yale matusi niliyomfundisha. Akisimama pembeni kwa adabu, nitamfuata hapohapo alipo.

Mama yako